Suruali Niliyoipunguza

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda mtaa wa Muhima, na ubishi wangu unajulikana hadi Nyabugogo. Mume wangu alipopatikana na saratani ya tezi dume, daktari wetu wa Remera, kijana Mtanzania, alitueleza taratibu. Seli ya kawaida ikiharibika hupewa amri ya kujiua, inajiua, yamekwisha. Hizi za mume wangu zilikuwa zimejirundikia kolesteroli kwenye kuta zake, na amri ya kufa ikifika haipenyi.

Nilisikia neno moja tu: mafuta. Sikuuliza swali hata moja, mimi ninayeuliza bei ya kifungo mara tatu.

Siku ileile nikampa jirani kopo letu la samli. Supu ya mifupa, mishikaki, maziwa, vyote marufuku. Akawa anakula mchicha wa kuchemsha na viazi.

"Fundi wangu," ananiuliza, "supu iko?"

"Haiko, baba watoto. Unataka kuilisha hiyo saratani?"

Anacheka, anakula mchicha wake.

Kila Ijumaa nilimpima kiuno kwa utepe wangu wa kazini. Kiuno kilipungua, nami nikafurahi. Jamani, nilifurahi! Nilimpunguzia suruali mara tatu. Fundi yeyote huacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili mtu akinenepa mshono ufumuliwe. Mara ya tatu nilikikata nikakitupa, maana nilijua saratani inakufa njaa.

Tuliporudi kliniki, daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Mama, anakula nini?"

Nikamweleza kwa majivuno. Kolesteroli hiyo, akasema, ini linaitengeneza lenyewe, na seli zile zinajitengenezea pia. Mchicha wangu haukuwa umezinyima kitu. Aliyekuwa anakufa njaa ni mume wangu.

"Nimrudishie chakula sasa?"

"Mrudishie, mama," akasema, macho yakiwa kwenye karatasi zake.

Nyumbani niliichukua suruali nifumue mshono, kama mpumbavu, nikakuta hakuna cha kufumua. Nikapika supu ya mifupa, nikatia samli. Nikamwinua kitandani, nikamlisha kijiko kimoja. Koo likakataa, supu ikamtiririka kidevuni, nikamfuta kwa khanga yangu.

"Inanukia vizuri, fundi," akasema. "Ungenipa siku zile nilipokuwa naiomba."

Hakuwa na hasira hata kidogo. Heri angenitukana.