Airbrush imenitilia ukungu kwa lori ya Mzee, sasa sijui nirudie ama niwache

Chamgei wakuu. Hii naandika ni ukweli mtupu, na mpaka saa hii sielewi kama nifurahi ama nilie.

Mimi ni mtu wa Boito, huku kwa mashamba ya chai. Mzee wangu aliendesha lori ya kubeba majani chai maisha yake yote. Lori iliuzwa scrap, halafu Mzee akatuacha. Picha ya hiyo lori hatuna hata moja.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga ibada ya kumkumbuka. Mama akaniambia, "Wewe si unapenda kutengeneza vigari? Nitengenezee ile lori niione tena."

Hapo ndio shida ilianza.

Model ilitoka poa, mpaka vigunia vya majani vikaning'inia kwa body. Ikabaki rangi ya kijani. Brashi ya mkono inaacha mistari, so nikasema ni airbrush, ile kalamu ya kupuliza rangi kwa hewa.

Wee! Video moja inasema anza na single action, unafinya tu, hewa na rangi zinatoka pamoja. Ingine inasema hiyo ni ya watoto, chukua double action: ukifinya inatoa hewa, ukivuta nyuma inatoa rangi. Mara nozzle, ile ncha ya kutoa rangi, iwe ndogo, mara kubwa. Kichwa ikajaa. Nikachukua double action juu muuzaji alikuwa na hiyo pekee.

Hewa nikaomba compressor ya fundi wa tyre. Rangi nikatumia ya gari, na thinner.

Watu wa majani, hapa mnanielewa. Asubuhi lazima tuchume, lori ya factory haingoji mtu. So kupaka rangi ni mchana. Na mchana huku kwetu ni mvua.

Coat ya kwanza, safi kabisa! Nikaenda kukunywa chai. Kurudi, lori imekuwa nyeupe-nyeupe kama imeshikwa na ukungu. Nikasugua, nikarudia. Tena! Nikaongeza pressure, nikapunguza, nikaosha nozzle, nikamtukana muuzaji bure. Mwishowe nikapuliza hewa tupu kwa kiganja. Maji! Compressor ilikuwa inanitemea maji, na hii baridi ya mvua inamalizia kazi.

Na ibada ilikuwa kesho yake. Nilishika sandpaper karibu nilie, sidanganyi. Mama akaingia.

"Pole Mama, imeharibika. Wacha nisugue."

Akaninyang'anya sandpaper. "Usiguse. Baba yako alikuwa anafika nyumbani hivi hivi, ukungu imejaa juu ya lori yote."

Akachukua kona ya leso, akapanguza kioo ya mbele, upande wa dereva tu.

Lesson: pata compressor yenye kichujio cha maji, na upake wakati kuna jua, hata kama ni kuomba mtu akuchumie.

Lakini wakuu, niambieni: nirudie ikae mpya, ama hii makosa ndio kazi yenyewe? Mniambie haraka, ingawa sijui nitaishika saa ngapi. Tangu ibada iishe, Mama ameifungia kwa kabati. Kila asubuhi anaitoa, anapanguza hiyo kioo, anairudisha.