Maji Yaliyotoka Redioni

Tulasa Gharti alikuwa mtayarishaji wa kipindi cha asubuhi katika Redio Simalchaur, kazi ambayo bonde zima liliamini haipo. Watu walimjua mtangazaji, Kedar Lamsal, mwenye sauti nzito iliyowafanya wajane wamletee samli hadi mlangoni. Kwamba kuna mtu aliyemtafutia Kedar wageni, akamwandikia maswali, akamfutia vikohozi na kumnong'oneza jina la mgeni aliyeketi mbele yake, hilo halikumpitia mtu akilini. Mama mkwe wa Tulasa aliwaambia majirani kwamba mkwewe anapika chai redioni. Hakukosea sana, kwa kuwa chai nayo aliipika yeye.

Redio ilikuwa mali ya wananchi wote, na kwa sababu hiyo haikuwa na kitu. Ilikaa ghorofa ya juu ya duka la kamba na ndoo, ikiishi kwa matangazo ya manispaa. Meneja, Yubaraj, alikuwa na msimamo usioyumba kuhusu uhuru wa habari. Aliutaja kila mwaka, katika sherehe ya kuzaliwa kwa redio, akiwa ameketi bega kwa bega na meya.

Kabla ya sikukuu ya Dashain, meya akatangaza kwamba maji ya bomba yamefika Lamidanda, kijiji cha mgongoni mwa mlima ambako wanawake walikuwa wakiteremka chemchemini na kupanda na mitungi tangu enzi za bibi zao. Yubaraj akaamua uzinduzi urushwe moja kwa moja. Tulasa akauliza kama kuna aliyeyaona hayo maji. Yubaraj akamtazama kwa huruma, kama ndugu aliyeanza kuchanganyikiwa, akamjibu kwamba kazi ya redio ni kusikia, si kuona.

Basi Tulasa na Kedar wakapanda Lamidanda. Yubaraj alibaki studio kwenye mitambo, maana fundi wao alikuwa ameshakwenda Qatar kutafuta kazi yenye mshahara. Sauti ingesafiri kwa simu ya Tulasa. Bomba lenyewe lilipendeza, hakuna wa kulitia kasoro: limesimamishwa juu ya jukwaa la saruji, limepakwa buluu, limevishwa shada la maua ya njano. Meya naye alivishwa mashada mpaka yakabaki macho tu. Mwenyekiti wa kata alimshukuru meya, meya akaushukuru uongozi wake mwenyewe, na mhandisi akawashukuru wote bila kumtazama yeyote usoni.

Hapo meya akafungua bomba. Likakohoa, likapuliza upepo, likatema tone moja la rangi ya chai, likanyamaza.

Kedar hakuona. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi, na Kedar akisoma hasomi mbele wala haangalii pembeni. Akawaambia wasikilizaji wapenzi watege masikio, wasikie maji yakibubujika Lamidanda.

Kule studio Yubaraj alisikia kimya, na katika kimya kile akasikia matangazo ya manispaa yakiondoka. Akabonyeza sauti ya maji waliyoitunza kwa ajili ya mchezo wa watoto. Haikuwa sauti ya bomba. Ilikuwa mto mzima wa majira ya mvua, pamoja na vyura wake, na kwa mbali radi.

Muuza chai alikuwa ameweka redio yake juu ya jiwe, imefunguliwa mpaka mwisho. Watu wakageuka. Upande huu bomba kavu, upande ule mto umefurika. Kwa heshima, hakuna aliyecheka. Bibi mmoja, Phulmati, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akauinua mtungi wake wa shaba, akatoka mstarini bila haraka, akaenda kuutega chini ya redio.

Tulasa angeweza kukata simu. Baadaye Yubaraj alimkumbusha mara nyingi kwamba angeweza. Badala yake alimwomba muuza chai apunguze sauti, akamsogezea bibi simu.

"Bibi, unafanya nini hapa?"

"Nakinga maji, mwanangu."

"Si bomba ni lile pale?"

"Lile la meya. Maji yanatoka huku." Bibi akatega sikio kidogo. "Ila hao vyura watoeni kwanza. Tumbo langu halivumilii."

Hapo Lamidanda ikaangua kicheko, na bonde zima likafuata. Meya akateremka mlima na mashada yake bila kuonja chai. Kesho yake manispaa ikayaondoa matangazo, na Yubaraj akamwita Tulasa.

"Dada, umenizika."

"Kaka, mimi nilishika simu tu. Vyura ni wako."

"Andika radhi. Iwe fupi, iwe na adabu, na meya asitajwe."

Tulasa aliketi na kalamu muda mrefu. Aliogopa, asiseme mtu kwamba hakuogopa. Kazi nyingine bondeni ilikuwa kuuza ndoo pale chini. Lakini alizaliwa kwenye mgongo wa mlima kama ule, na magoti ya mama yake, yaliyochakazwa na mitungi, aliyajua. Akaandika kwamba redio inawaomba radhi wasikilizaji, kwani maji waliyoyasikia jana hayakuwa ya Lamidanda, yalikuwa ya studio, na Lamidanda hakuna maji. Ilikuwa fupi, yenye adabu, na meya hakutajwa. Kedar akaisoma kwa sauti yake ya samli, akipumua kila alipowekewa alama ya kupumua, na maana ikamfikia wimbo ukiwa umeshaanza.

Bodi ya redio ikamsimamisha Tulasa kazi. Asubuhi iliyofuata Kedar alijitayarishia kipindi mwenyewe, akamhoji daktari wa mifugo kuhusu kodi ya ardhi mpaka daktari akaomba kwenda kujisaidia na asirudi. Tulasa akarudishwa kazini na onyo kali, kwa mshahara uleule wa kuchelewa. Matangazo nayo yalirudi, maana meya hana njia nyingine ya kuwatakia wananchi heri ya sikukuu.

Ikabainika kwamba mabomba yaliishia msituni, chini ya kijiji, yakisubiri pampu ambayo kila ofisi ilidhani imenunuliwa na ofisi nyingine. Wakati wa baridi pampu ikafika. Meya akalizindua bomba mara ya pili, safari hii bila redio, kwa ajili ya utulivu.

Jumamosi moja Tulasa alipanda Lamidanda peke yake. Phulmati akamkingia maji katika kikombe cha bati, akasimama kumtazama akinywa. Yalikuwa na ladha ya rangi mbichi.

"Vipi?" akauliza bibi.

"Mabaya," Tulasa akasema, akamaliza kikombe, akaomba kingine.