Mwaka wa Kukaa Nje

Lalla Batul hakuolewa, na aliyetaka kujua kwa nini alijibiwa mara moja tu, hakurudia tena. Kwa miaka arobaini aliwafundisha wasichana wa mji wa Tetuan kudarizi kwa hariri, akanunua nyumba yake mwenyewe karibu na watengeneza ngozi, na harufu yao akaizoea. Sasa ana miaka sabini na mbili, magoti yanamsumbua, na ghafla kuna watu wameanza kumpenda. Hapo ndipo alipoingiwa na shaka.

Wa kwanza kumpenda alikuwa Abdeslam, mtoto wa marehemu kaka yake. Miaka mingapi hakuonekana! Sasa kila Ijumaa yuko mlangoni na machungwa, anabusu mkono wa shangazi, kisha macho yanapanda darini. Siku moja Batul alimkuta akigonga ukuta kwa kidole.

"Unatafuta nini hapo, wewe panya?"

"Naangalia unyevu tu, shangazi. Nyumba kama hii inataka mwanamume."

"Mwanamume ndiye anayeitaka. Kula chungwa lako uende."

Batul alijua Abdeslam anangojea nini. Yeye Batul hana mume, hana mtoto. Siku akifa, kwa sheria ya mirathi nyumba yote ni ya Abdeslam. Ghizlan, binti wa marehemu dada yake, yule aliyemwogesha miezi mitatu alipovunjika nyonga, hapati hata kigae kimoja.

Akaenda kwa Sidi Larbi, mmoja wa wale mashahidi wawili wanaoandikia kadhi mikataba.

"Wasia hauvuki theluthi ya mali, bibi," alisema Sidi Larbi.

"Theluthi ya nyumba yangu ni ngazi na choo. Ghizlan akaishi chooni?"

"Basi mpe zawadi ungali hai. Ila zawadi ya nyumba unayoishi haishiki mpaka utoke, wewe na kila kilicho chako. Tutakuja kuona kwa macho yetu kwamba ni tupu. Na ukirudi kulala humo kabla ya mwaka kwisha, zawadi imevunjika."

"Nitoke kwangu? Na mwaka ukiisha asiponifungulia?"

Sidi Larbi akajishughulisha na wino wake.

Alikubali, lakini msidhani alikubali kizembe. Asubuhi ya kukabidhiana, wapagazi walipokuwa wakishusha magodoro, aliliacha sanduku lake la mwerezi chini ya ngazi, nyuma ya magunia ya makaa. Ghizlan akigeuka nyoka, yeye atamwita kadhi: tazama, vitu vyangu vimo, sikutoka! Mashahidi wakaja, wakazunguka, wakaandika kuwa nyumba ni tupu. Batul akahamia kwenye vyumba viwili alivyokuwa amepanga Ghizlan nje ya ukuta wa mji, na Ghizlan akaingia kwake.

Ule mwaka ulimla. Ghizlan alimletea chakula kila siku, na Batul alikinusa kwanza. Akipita karibu na nyumba akisikia nyundo, anavunja nini? Alipobadilisha kitasa, kwa nini? "Kilikuwa kimelegea, mama mkubwa," akasema Ghizlan. Kimelegea! Miaka thelathini hakikulegea.

Zikiwa zimebaki siku kumi na tisa, Batul alipita uchochoroni akamwona Abdeslam akitoka mle ndani, akijipangusa vumbi la makaa mikononi. Damu ilimpanda kichwani. Kumbe wameshagawana! Akauendea mlango, akaugonga kwa ngumi.

"Pisha, naingia. Leo nalala kitandani kwangu."

Ghizlan alisimama katikati ya mlango. "Mama mkubwa, usiingie."

"Unanifukuza? Mimi? Nyumba yangu?"

"Abdeslam alikuja na mtu wake, wamepekua mpaka jikoni. Wanatafuta kitu chako chochote wakampelekee kadhi."

Batul akauliza: "Wamekipata?"

Ghizlan alivuka hadi kwa jirani wa mbele, akarudi akiburuta sanduku la mwerezi, akaliweka uchochoroni, mbele ya miguu ya mama yake mkubwa. Kufuli lilikuwa halijaguswa.

"Nililitoa asubuhi ileile, kabla mashahidi hawajafika."

"Nililiacha makusudi," Batul alisema.

"Najua. Wewe hujawahi kusahau hata sindano."

"Mwaka mzima unajua, na unaniletea chakula?"

"Ungekula kwa nani?" Ghizlan akajipangusa uso kwa kiganja, akasogea kando, akaufungua mlango mpaka mwisho. "Haya. Ukitaka kulala, kitanda nimekitandika. Nyumba itakuwa yako tena, na siku ukifa atachukua Abdeslam. Mimi sikuzuii."

Mle ndani Batul aliona vigae vyake, ngazi zake, na chini ya ngazi patupu. Ng'ambo ya uchochoro, kwenye duka la vitambaa, yule mtu wa Abdeslam alikuwa ameacha kujifanya anachagua kitambaa. Alikuwa anatazama waziwazi. Batul aliona haya, haya ya kweli, kama mtoto aliyeshikwa mkono ndani ya kopo la sukari.

Akakaa juu ya sanduku lake, kwa kishindo, akivuta miguu yake yote miwili mbali na kizingiti.

"Niletee chai hapahapa nje," alisema. "Na ukishaingia, ufunge mlango. Mimi mwenyewe sijiamini."