Orodha Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Tulikuwa watu kumi na mmoja, na tulijiita wanamaendeleo wa chama. Chama chenyewe ndicho kilichotawala nchi. Humo ndani sisi tulikuwa kama pilipili pembeni ya sahani: wanaiona, hawaigusi. Tulitaka wanawake waingie kwenye kamati, maji yafike mtaani kwetu Majengo, na wagombea wachaguliwe na wanachama badala ya kuteremshwa kutoka Kinshasa. Wakubwa walitukumbuka siku za kupokea wageni tu, tuvae fulana tupige makofi. Nilipiga kweli kweli, na mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Halafu ofisi ya mkoa ikatuambia kwamba ili tutambuliwe na kupewa viti viwili kwenye kamati, tulete orodha: majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, simu na makao, kopi tatu. Mimi ndiye nilikuwa katibu. Nimekuwa karani maisha yangu yote, na karatasi safi hunipa raha ambayo wenzangu huipata kwenye bia. Nyumba za mtaani kwetu hazina namba, na wenzangu waliandika "Majengo" tu, wakaona wamemaliza. Nikakasirika. Nikazunguka nyumba kwa nyumba, nikaandika mwenyewe namna ya kuifikia kila moja.

Aliyenikatalia ni mama mmoja mshonaji, mjane aliyeishi na dada yake mkubwa. Ndiye aliyekuwa na akili kutushinda sote. Hoja ya wanawake ilikuwa yake, sisi wanaume tuliidandia tu.

"Papa, jina yangu andika," alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Nyumba, hapana. Naogopa."

"Mama, unaogopa nini? Ni chama yetu. Bila adresi bakubwa batasema tulitunga batu."

Nikakaa kibarazani kwake asubuhi nzima, nikimwambia kwamba woga wake ndio utakaotunyima viti. Nilisema hivyo kwa mwanamke aliyethubutu kuwapinga wakubwa hadharani wakati mimi nikitazama viatu vyangu. Mwishowe alichoka nami. Nikaandika: ukipita mashine ya kusaga, kichochoro cha pili kushoto, mlango wenye pazia la maua.

Viti hatukupewa. Faili letu liliwekwa kwenye kabati la ofisi, na sijui kama kuna mkubwa hata mmoja aliyelifungua. Mji ulipoanguka mikononi mwa wenye silaha, wakubwa wetu walikuwa wameshaondoka, wengine kwa ndege, wengine kwa mashua. Walibeba magodoro. Kabati walituachia. Waliolisoma faili letu kwanza ni hao waliouchukua mji.

Mimi nilikuwa nimekimbilia Bukavu kwa ndugu zangu, nikasikia kwamba watatu kati yetu wamechukuliwa. Niliporudi, nilikwenda moja kwa moja kwa mshonaji. Nilimkuta dada yake peke yake, amekaa chini, cherehani imefunikwa kitenge.

"Balikuya batu ine, muchana," aliniambia, akinyoosha vidole vinne. "Habakuuliza mutu njia. Balimuita na jina yake yote, ile ya kwenye karte. Tangu ile siku sijamuona."

Nikaketi. Nilitaka kukiri kwamba njia waliisoma kwenye karatasi yangu, na maneno nilikuwa nayo, mawili matatu tu yaliyotakiwa. Yule mama mzee akaniangalia kwa matumaini, jambo lililonitisha kuliko kama angenitukana.

"Papa, weye unajua kuandika," akasema. "Utuandikie barua ya kumutafuta. Weka fasi anaishi, hii nyumba, bamurudishe hapa."

Akaniletea kalamu na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Nikaandika jina lake. Nikaandika mashine ya kusaga, na kichochoro, na pazia. Yule mama mzee alisimama nyuma yangu, akinishukuru kwa kila mstari, na mimi nikaitikia, "Asante, mama," nikaendelea kuandika.