Mkono wa Mwoka Mikate

Mwoka mikate yule alijivunia mkono wake kupita kiasi. Miaka thelathini alipima tanuri kwa kiganja: anakipitisha mlangoni, anasema "bado" au "tia", na mkate hauungui. Wenzake kazini walimwita Kipimo, naye jina likamkaa vizuri. Siku hizi hata kikombe cha chai ya moto alikishika bila kuhisi kitu, ila hilo hakumwambia mtu.

Mkewe alipopatikana na saratani ya damu, muuguzi aliwaeleza taratibu kwamba dawa zinaua hata chembe nyeupe, askari wa mwili. Homa ikifika thelathini na nane, waje saa ile ile, wasingoje kukuche. Akawapa kipimajoto. Kipimo akacheka kimoyomoyo. Yeye wa kufundishwa joto na kijiti!

Mengine aliyafuata, tuseme haki. Alinawa mikono mpaka ikachubuka, na wageni wenye mafua aliwarudisha mlangoni bila haya, hata dada yake wa tumbo moja. Lakini sikio la kufa halisikii dawa: kipimajoto kilikaa kwenye droo.

Jumanne alasiri alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe ndani ya mablanketi mawili, anatetemeka. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Huna homa, mama watoto," alisema. "Ni uchovu wa dawa tu."

Akaenda zake kuoga. Asubuhi mkewe hakuweza kusimama.

Hospitali walisema vijidudu vimeingia kwenye damu. Wakamtundikia dripu ya antibiotiki, wakamlaza chumba cha peke yake, na kwa siku nne hakuna daktari aliyethubutu kumwahidi mume kitu. Alishinda kwenye benchi la nje, barakoa usoni, akijilaani. Kiburi chake ndicho kilichomlaza mtoto wa watu pale, na alilijua hilo vizuri.

Siku ya tano homa ikashuka. Wakamruhusu aingie. Alipiga magoti kando ya kitanda akakiri yote: mkono umekufa ganzi zamani, anajua, aliona aibu tu kusema.



"Nilijipima ulipokwenda kuoga," mkewe alisema. "Ilikuwa thelathini na tisa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshasema sina."