Mkono wa Kulia Ukae Upande wa Majani

Kosa langu lilianza kwenye simu, nikiwa nimeketi kwenye ngazi za fleti yetu Tottenham, London, helmeti iko mapajani. Kaka yangu alinipigia kutoka Amerika akaniuliza nimeendesha pikipiki kwa muda gani. Nikasema miaka mitatu. Ilikuwa kweli. Ila nilichokuwa nikiendesha miaka yote hiyo ni skuta ndogo yenye kibao cha L nyuma, kibao cha mwanafunzi, ambacho hakikuruhusu kumpakia mtu. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka Tottenham hadi Kingsbury, humo humo jijini, ninakowahudumia wazee majumbani kwao. Kaka hakuuliza ni pikipiki ya namna gani, na mimi sikumwambia.

"Basi ukija tutaendesha kando ya ziwa siku nzima," akasema. "Na binti yangu utampakia wewe. Mimi amenichoka."

"Hamna shida, kaka."

Kaka amenizidi miaka kumi na moja. Aliondoka Mwanza nikiwa darasa la tatu, na mpaka leo namwandikia shikamoo hata kwenye ujumbe wa simu. Nyumbani kwetu mkubwa akikuuliza kama unaweza, jibu ni moja. Mama alikuwa akituuliza kama tumeshiba tukiwa tunamwona anakwangua sufuria, na sote tulisema ndiyo, tumeshiba sana. Sijui ni nani aliyetufundisha. Labda hakuna aliyetufundisha, tulionana tu tukifanya hivyo.

Kabla ya kwenda kumtembelea nilikuwa na miezi sita ya kuifanya kauli yangu iwe kweli. Mimi mambo mengi nimejifunza mwenyewe, kwa video na kwa kurudia hadi mikono inauma, na sipendi mtu anione nikiwa bado sijui. Nilinunua daftari. Kila siku niliandika makosa yangu ya barabarani: nimechelewa kuwasha indiketa, nimeweka mguu chini kabla ya kusimama, nimemwangalia dereva wa basi badala ya kuangalia barabara. Siku niliyokosa cha kuandika nilikosa usingizi, nikiamini kuna kitu kimenipita.

Mmoja wa wazee ninaowahudumia ni bibi Mhindi aliyezaliwa Tabora. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha vijana wengi ninaokutana nao London. Kila asubuhi alikuwa akinisubiri dirishani.

"Nimekusikia tangu kule kwenye maduka," alisema siku moja. "Hiyo skuta yako inalia kama mbuzi. Kaka yako ameiona?"

"Bado, bibi."

"Mpelekee picha acheke."

Nilimpelekea kaka picha ya koti langu jipya la pikipiki.

Mtihani wa pikipiki kubwa niliufaulu nilipoufanya mara ya pili. Leseni kamili niliipata wiki saba kabla ya kupanda ndege. Katika wiki hizo nilikodi pikipiki kubwa mara mbili, nikaizungusha mitaa ya Harrow, kwenye barabara pana zenye nyumba zilizoungana mbili mbili, asubuhi ya Jumapili magari yakiwa yamelala. Sikumpakia mtu. Sikuwa na mtu wa kumwambia, njoo upande nyuma yangu nijaribu kama utapona.

Kaka anaishi mwendo wa saa moja kutoka Ziwa Michigan. Alikuwa ameazima pikipiki ya mfanyakazi mwenzake kwa ajili yangu, nyeusi, nzito, yenye kiti kirefu na kiegemeo cha abiria. Yake ilikuwa na sanduku kubwa la mizigo mahali ambapo abiria angekaa. Mpango wake ulikuwa huu: asubuhi tungeendesha sisi wawili hadi kwenye bustani ya ufukweni. Saa saba mke wake angemleta binti yao hapo kwa gari, kisha angekwenda zake kazini hospitalini. Mchana binti angepanda nyuma yangu hadi kwenye mnara wa taa, na baadaye hadi nyumbani.

"Uko tayari?" kaka aliniuliza uani kwake.

"Niko tayari, kaka."

Barabara yenyewe ilikuwa nyepesi. Ziwa lilikuwa linatokea kati ya miti, linapotea, linatokea tena, kubwa kiasi cha kutoona ng'ambo, na halikuwa na harufu ya samaki hata kidogo. Mtu aliyekulia Mwanza hulishangaa hilo. Kaka alikuwa akinyoosha mkono kunionyesha vitu: ndege wakubwa, nyumba za mbao, kibanda cha kuuzia matunda ya cheri. Sikuvitazama inavyostahili. Amerika huendeshwa upande wa kulia, si kushoto kama London na Mwanza, nami nilikuwa nahesabu kimya kimya, kulia, kaa kulia, kaa kulia. Mabega yalinikaza hadi shingoni. Kila tuliposimama aliniuliza kama nimechoka, nami nikasema hapana.

Tulisimama kwenye sheli moja ndogo kujaza mafuta. Kaka akatoka mbele akakunja kulia. Nami nikakunja kulia, lakini kama ninavyokunja London: nikavuka nusu ya kwanza ya barabara nikaenda kukaa nusu ya mbali. Barabara ilikuwa tupu. Kaka alikuwa ameshapita kona. Nilipita visanduku vitatu vya barua vya wenye nyumba nikiwa upande usio wangu, na nakumbuka nilijisikia vizuri, kwa mara ya kwanza siku ile mabega yalilegea. Halafu pikapu ikachomoza juu ya kilima mbele yangu, taa zikiwaka na kuzima. Nilijitupa kulia. Dereva alipita akiwa ameweka kiganja kizima kwenye honi.

Nilipomfikia kaka alinionyesha dole gumba. Nami nikamwonyesha dole gumba.

Kuanzia hapo hadi saa saba niliwaza jambo moja tu. Nilimpangia kaka maneno, nikayafuta, nikayapanga upya. Nilitaka yawe mafupi na yasinivunjie heshima, na hayakupatikana maneno ya namna hiyo.

Binti alikuwa ameketi juu ya meza ya bustani alipotuona, mwenye miaka kumi na tatu, helmeti yake ameshaivaa. Anaelewa Kiswahili chote ila anajibu kwa Kiingereza. Mama yake alitugawia chapati na kuku, akanishukuru kwa kumpunguzia kaka kazi, akaangalia saa, akaondoka. Nililitazama gari lake likitoka getini. Ningeweza kusema wakati ule. Nilikuwa na chapati mdomoni, na nikamshukuru Mungu kwa ile chapati.

"Haya, abiria wa bodaboda," kaka akamwambia binti yake. "Mshike baba mdogo kiunoni. Asikudai nauli."

Alipopanda, pikipiki ilishuka kidogo nyuma, na usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu. Hicho kitu hakikuwa kwenye daftari. Kaka alisema atatufuata nyuma kwanza, aone binti anavyokaa. Tukazunguka maegesho polepole, mikono yake midogo imeshika koti langu pande zote mbili. Tukafika kwenye mdomo wa barabara. Nikaangalia kulia, kama London. Kulia kulikuwa kweupe. Nikaanza kuachia klachi.

Alinipiga begani kwa nguvu. "Baba mdogo, huku," akasema, kwa Kiswahili.

Gari la kulala la watalii lilipita kutoka kushoto, jeupe, refu, karibu na tairi yangu ya mbele. Halikuwa na kasi. Mzee aliyeliendesha alinipungia mkono kunishukuru, akidhani nimempisha. Nilikuwa nimebana breki zote mbili. Nikazima injini.

Kaka alisogea pembeni yetu akainua kioo cha helmeti. Kutoka nyuma alikuwa ameona taa ya breki tu.

"Imezimika?"

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Lingetosha kabisa. Ningewasha tena, tungeondoka.

"Hapana," nikasema. "Nimeizima mwenyewe. Kaka, mteremshe mtoto."

Binti aliteremka mwenyewe kabla hajaambiwa. Nikamweleza kaka nikiwa bado nimekaa, bila kumtazama, yote kwa mpigo mmoja: kulia nilikoangalia, sheli ya asubuhi, pikapu. Alinisikiliza. Kisha akaanza kuuliza.

"Hiyo miaka mitatu uliendesha nini?"

"Skuta."

"Skuta ya namna gani?"

"Ndogo. Injini ya mia na ishirini na tano."

"Ile ya kupelekea watu chipsi."

"Ile."

"Na kubwa?"

"Wiki saba. Nimekodi mara mbili."

"Umewahi kupakia mtu?"

"Huyu ndiye wa kwanza."

Kaka alivua glavu moja, akavua ya pili. Akatembea hadi kwenye pipa la taka, akasimama pale kama mtu anayesoma kilichoandikwa juu yake, akarudi.

"Asubuhi nimekuuliza uko tayari. Nimekuuliza umechoka, mara nne."

"Ndiyo, kaka."

"Usiniambie ndiyo kaka." Hakupandisha sauti. "Yaani ungeniulia mtoto kwa adabu."

Binti alikuwa amevua helmeti, ameikumbatia. Alisema kwa Kiingereza kwamba ameshawaambia rafiki zake wote shuleni kuwa atapanda pikipiki na baba mdogo kutoka London. Nilimwomba msamaha. Akainua mabega, akaenda kukaa tena juu ya meza, ametupa mgongo.

Tulibadilishana pikipiki. Kaka angempakia binti kwenye ile nyeusi, nami ningewafuata na ya kwake yenye sanduku, peke yangu. Kabla ya kuondoka alimwomba binti kamba ya nywele, akaifunga kwenye mkono wa kulia wa usukani.

"Mkono huu ukae upande wa majani," akasema. "Muda wote. Ukiangalia kulia kwako usipoyaona majani ya kando ya barabara, umepotea. Simama. Usinifuate, usione aibu, simama."

"Sawa."

"Sawa ya kweli?"

Nilifikiri kabla ya kujibu. "Naogopa makutano. Njia iliyonyooka naiweza."

"Basi kwenye makutano nitapunguza mwendo."

Alipunguza, kila mara. Nilikuwa nyuma yao kwa umbali wa magari mawili, nikitazama kamba ya nywele, majani, kamba ya nywele. Binti hakugeuka kunitazama hata mara moja. Lakini kwenye makutano ya kwanza alinyoosha mkono wake wa kulia, akaonyesha kwa kidole upande ninaotakiwa kushika. Kwenye ya pili akafanya hivyo tena, na kwenye ya tatu, hadi tulipofika kwenye mnara wa taa, na tena njia nzima ya kurudi nyumbani. Sikujua kama ananisaidia au ananidhihaki. Nilikifuata kidole.

Usiku ule kaka alimsimulia mke wake jikoni aliporudi kutoka kazini, nami nilisikia kutoka sebuleni. Hakunipamba na hakuongeza chumvi. Shemeji alikuja mlangoni akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado nina njaa. Akanipakulia.

Nimesharudi London, na wasiwasi wangu bado ninao, sitadanganya. Kilichobadilika ni kwamba mtu akiniuliza kama naweza jambo, awe kaka au msimamizi wangu wa kazi, namwambia nimelifanya mara ngapi na mara ya mwisho ilikuwa lini, kisha namwacha aamue. Kaka siku hizi ananiuliza maswali zaidi kuliko zamani. Binti yake bado sijampakia.