Pasaka ya Kuamia Ndege

Habari ya msiba ilinikuta sokoni Ifakara, juma moja kabla ya Jumapili ya Matawi, nikivutana bei na muuza kambale. Mwanamke aliyevuka mto asubuhi hiyo kutoka upande wa Lupiro alinigusa bega, akasema jirani yetu wa shambani, yule mama mwenye dungu refu la kulindia mpunga, amefariki. Nikamlipa muuza samaki bei aliyoitaja mwanzo. Akanitazama kwa mashaka. "Mzee, unaumwa?" Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwa nini aliuliza.

Marehemu hakuwa ndugu yangu. Tulipakana mashamba tu, na kwa miaka mingi kilichotuunganisha ni ubishi wa mpaka: mimi nilipima kwa hatua, mara mbili, yeye alipima kwa macho, na kila mara macho yake yalinipunja hatua moja. Ila alikuwa na desturi yake. Katika bonde letu Pasaka huja mpunga ukiwa na maziwa kwenye punje, na kwelea hawana sikukuu. Lazima awepo mtu wa kuamia ndege, kuwafukuza kwa kelele. Wengine tulikuwa tukitegeana nani abaki shambani. Yeye aliihamisha sikukuu yenyewe. Jumatatu ya Pasaka masufuria ya wali na kuku yalikwenda shambani, mikeka ikatandikwa kando ya dungu, na majirani tukafuata harufu, Wakristo kwa Waislamu. Hata waliokuwa hawasemeshani walijikuta wakiombana chumvi.

Mwaka aliofariki mke wangu sikufuata harufu yoyote. Nilifunga mlango, nikakaa kitandani na viatu miguuni. Yule mama jirani akaja mwenyewe, matope hadi magotini.

"Shikamoo, mama," nilisema kupitia dirisha.

"Marahaba. Toka humo."

"Kuna wingu."

"Wingu liko nje, wewe uko ndani, linakuhusu nini? Ndege wakimaliza kwako wanahamia kwangu. Twende!"

Alinipandisha dunguni, akanipa debe tupu na fimbo. Nikapiga ukelele wa kwanza kwa aibu, na wa pili kwa aibu pia. Wa tatu ulitoka mahali ambapo sikujua kama pana sauti. Nikapiga debe, nikaita, nikalia, na watu mkekani waliendelea kugombea mapaja ya kuku, maana anayepiga kelele dunguni hamshangazi mtu. Ningelia vile nyumbani, mtaa mzima ungekuja kuninyamazisha. Nilipochoka nikatazama shamba lote, nikahesabu ndege, nikarudia kuhesabu. Hakukuwa na hata mmoja. Nikaanza kushuka. Mama akaniangalia kutoka chini, uso mkavu kabisa.

"Endelea, baba. Bado yupo mmoja."

Siku hizi Pasaka yetu mjini imeingia ndani, kwenye vilabu na maspika, na mwenye uchungu hujificha kwenye kelele za wengine kwa kuwa hana mahali pa kupigia zake. Sidharau muziki. Nasema tu kwamba muziki haujawahi kuja kunitoa nyumbani na matope magotini.

Jumatatu hii ya Pasaka nilivuka mto. Binti za marehemu walikuwa wamepika, mikeka ilikuwa palepale, na mumewe, mzee mpole ambaye sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti, alikuwa dunguni. Alipiga debe, akapaza sauti hadi ikakatika. Hatukuinua vichwa. Kisha akaegemea nguzo, akaniita.

"Jirani, wameisha, eti? Macho yangu hayafiki mbali."

Nikasimama. Nilihesabu kutoka kwenye mpaka wetu hadi mtoni, nikarudi mtoni hadi kwenye mpaka. Shamba lilikuwa jeupe, hata ndege mmoja hakuna.

"Bado, mzee," nikamjibu. "Yupo mmoja."

Akanigeuzia mgongo, akaokota fimbo. Mfiwa msimwambie anyamaze, wasomaji wangu. Mtoeni nje, kisha mkosee hesabu.